Ukoo wa Kalamu: Kumkumbuka Mchora Katuni wa Dzaleka

Katika wasifu uliosomwa msibani, marehemu rafiki yangu alitajwa kuwa mkimbizi aliyejaliwa kipaji cha kuchora. Familia imeniomba nisimtaje jina, nami nitalitii ombi hilo. Ila sifa ile siwezi kuiacha ipite. Yeye hakujihesabu mtu aliyedondoshewa kipaji kutoka mbinguni. Alikuwa na walimu ambao wengi wao hakuwahi kuwaona kwa macho, na aliwataja kwa mfuatano kama watu wanavyotaja nasaba.

Hakumwanzia Tintin, ingawa kisa chake cha Kongo, ambacho Hergé alianza kukichapisha gazetini Brussels mwaka 1930, alikijua ukurasa kwa ukurasa na kukichukia ukurasa kwa ukurasa. Aliwaanzia vijana wa Kinshasa waliotoa jarida la Jeunes pour Jeunes mwaka 1968. Humo wahusika akina Apolosa walisema lugha ya mtaani, ile ambayo mwalimu wa Kifaransa angeipiga mstari mwekundu. Baada yao alimtaja Papa Mfumu'Eto, ambaye mwaka 1990 aliitikisa Kinshasa kwa kisa cha tajiri anayegeuka chatu, akammeza mwanamke na kutapika fedha. Vitabu vyake vilikuwa vya Lingala, vya karatasi duni na bei ya chini, akiviandika, kuvichora na kuvitoa mwenyewe. Rafiki yangu alisema huyo ndiye aliyemfundisha kwamba kitabu hakihitaji ruhusa ya mchapishaji.

Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani mwaka 1959, alimpendea jambo jingine. Kitabu chake Madame Livingstone, alichokitoa pamoja na Christophe Cassiau-Haurie mwaka 2014, kinasimulia Vita Kuu ya Kwanza katika Ziwa Tanganyika na msako wa meli ya Wajerumani, Graf von Götzen. Rafiki yangu alizaliwa kando ya ziwa hilo, na meli ile hakuijua vitabuni tu. Wajerumani waliizamisha mwaka 1916, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na tangu mwaka 1927 inaitwa Liemba. Mwaka 2015 ndiyo iliyovusha wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga hadi Kigoma. Meli ya kivita ya kwenye katuni, kumbe ni chombo kilekile kilichobeba watu wa aina yetu na mabegi yao!

Upande wa Kiswahili sanifu alilelewa na jarida la Sani la Dar es Salaam, ambalo nakala zake kuukuu zilizunguka hadi kambini Dzaleka. Philip Ndunguru, mmoja wa wachoraji wake wakubwa, alifariki mwaka 1986, lakini wahusika akina Lodi Lofa, Madenge na Ndumilakuwili waliendelea kuchekesha watu waliokuwa hawajazaliwa siku alipozikwa.

Aliyemhusudu kuliko wote, hata hivyo, ni Frank Odoi. Mghana huyu alihamia Nairobi, akachora magazetini Akokhan, kisa cha nguvu za miujiza, na Golgoti, kisa cha mzungu mpelelezi kilichoigeuza historia ya ukoloni kuwa kichekesho. Alifariki Aprili 2012 katika ajali ya matatu. Mgeni aliyeichora nchi ya ugenini mpaka ikamwona wake: ndivyo rafiki yangu alivyotaka kuwa. Lakini Odoi alikuwa na magazeti ya kumlipa. Hapo ndipo njia zao zilipoachana.

Dzaleka, wilayani Dowa nchini Malawi, iko kiasi cha kilomita 45 kutoka Lilongwe. Enzi za Kamuzu Banda ilikuwa jela ya wafungwa wa kisiasa, katika nchi ambayo sheria ya udhibiti ya mwaka 1968 iliwapa wakaguzi mamlaka juu ya vitabu, filamu na picha. Mwaka 1994 Banda alishindwa uchaguzi, na mwaka huohuo jela ikafunguliwa kuwa kambi. Ilikusudiwa watu 10,000 hivi. Leo wamo zaidi ya 50,000, wengi wao Wakongo, Warundi na Wanyarwanda. Malawi ilipoukubali Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1987 iliweka masharti yake, na miongoni mwake yamo yanayohusu ajira na uhuru wa kwenda utakako. Kwa mchoraji, maana yake ni kwamba gazeti la Lilongwe liko karibu kwa basi na mbali kwa karatasi. Baada ya msako wa mwaka 2023, wakimbizi wa mijini waliporudishwa kambini kwa nguvu, hata safari ya kununua wino Old Town, mjini Lilongwe, ikawa ya kuvizia.

Basi akachora kwenye madaftari ya shule kwa kalamu ya kawaida, akayakodisha kwa kwacha chache. Mashujaa wake walipanga foleni ya posho, wakagombana kwa Kiswahili cha Uvira na kutukanana kwa Kirundi, na mfanyabiashara wa Kichewa ndiye aliyewasuluhisha. Lilipoanza Tamasha la Tumaini mwaka 2014, kwa juhudi za mshairi Menes La Plume, wageni kutoka Lilongwe waliyaona madaftari hayo, wakacheka, wakapiga picha, wakaondoka. Mimi sikupendezwa na kicheko kile. Yeye alikipenda.

Kazi za Mfumu'Eto zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Florida, Marekani. Za rafiki yangu zimetawanyika kwa waliozikodi na hawakurudisha. Mwenye daftari lake, awe bado Dzaleka au amekwisha kuhamishiwa Kanada, Marekani au Australia, nakuomba usilitupe wala usilitoe la kufungia maandazi. Lipige picha ukurasa kwa ukurasa, andika mwaka na mtaa liliposomwa, kisha mpelekee mwanawe mkubwa nakala moja, na nyingine uiombee nafasi katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa kule Zomba.