Dawa Iliyotoka Katika Maji Machafu

Watu wengi hudhani kwamba uvumbuzi mkubwa hutokea tu katika majumba yenye vyombo vya thamani. Historia ya dawa ziitwazo sefalosporini yatuonyesha kuwa sivyo. Dawa hizi, zitumiwazo leo katika hospitali za dunia nzima, asili yake ni maji ya bahari yaliyochanganyika na uchafu wa mji.

Mwaka 1945, Vita Vikuu vya Pili vilipokuwa vikimalizika, homa ya matumbo iliwasumbua watu wa mji wa Cagliari, katika kisiwa cha Sardinia, nchi ya Italia. Profesa Giuseppe Brotzu, mwalimu wa elimu ya afya katika chuo kikuu cha mji huo, alijiuliza: vijidudu vya maradhi haya humwagika baharini kila siku pamoja na maji machafu, je, kuna kitu huko kinachoviua? Akateka maji karibu na mahali mtaro ulipomwagikia, akapata humo kuvu iitwayo Cephalosporium, ambayo ilitoa kitu chenye kuzuia vijidudu vya namna nyingi. Alipowajaribia wagonjwa wa majipu na wa homa ya matumbo, aliona baadhi yao wakipata nafuu. Lakini hakuwa na uwezo wa kuitakasa dawa yake. Mwaka 1948 alichapisha habari hizo katika kijitabu kilichosomwa na wachache, na kuvu yake ikapelekwa Oxford, Uingereza, ambako Howard Florey na wenzake walikuwa wamekwisha kuifanya penisilini kuwa dawa ya kutibu watu.

Huko Oxford, Edward Abraham na Guy Newton waligundua kwamba kuvu ile ilitoa vitu kadha wa kadha. Kile kilichopigana na homa ya matumbo kilikuwa namna ya penisilini. Kisha mwaka 1953 walipata kingine, kidogo mno, wakakiita sefalosporini C. Nguvu zake zilikuwa haba. Kwa nini basi hawakukitupa? Sababu ni kwamba wakati ule baadhi ya vijidudu vilikuwa vikitoa kimeng'enya cha kuivunja penisilini, na sefalosporini C haikuvunjwa nacho. Dhaifu huyu alikuwa na sifa ambayo mwenye nguvu aliikosa. Mwaka 1961 Dorothy Hodgkin alithibitisha umbo lake kwa miale ya eksirei, na wataalamu wakaligeuza hapa na pale ili kuliongezea nguvu. Mwaka 1964 dawa ya kwanza ya jamii hiyo, sefalotini, ilianza kuuzwa.

Hufanyaje kazi? Kijidudu cha bakteria kimezungukwa na ukuta mgumu, nacho hakiwezi kukua bila kuujenga. Sefalosporini hushikamana na vimeng'enya vinavyoujenga ukuta huo, kama kwamba fundi amefungwa mikono. Ukuta hulegea, maji huingia ndani, kijidudu huvimba na kupasuka. Chembe za mwili wetu hazina ukuta wa namna hiyo. Kwa hiyo dawa humpiga adui bila kumwangamiza mgonjwa, ijapokuwa wako watu ambao miili yao huikataa. Virusi navyo havina ukuta huo, basi kumeza dawa hii kwa ajili ya mafua ni kazi bure.

Leo sefazolini hutolewa kabla ya mgonjwa kupasuliwa, ili kidonda kisioze. Seftriaksoni hudungwa kwa sindano kutibu homa ya uti wa mgongo, kichomi kikali, na hata ile homa ya matumbo aliyoanza nayo Brotzu.

Lakini vijidudu havikulala. Mwaka 2016 ulizuka mkoani Sindh, nchini Pakistan, ugonjwa wa homa ya matumbo ambao seftriaksoni haikuweza kuutibu, kwa kuwa vijidudu vyake vilikuwa na kimeng'enya cha kuivunja. Kila dawa inapotumiwa pasipo haja, vijidudu dhaifu hufa, na vile sugu hubaki vikizaana. Bandu bandu huisha gogo. Kazi ya kuitafuta dawa hii ilichukua miaka 19, tangu Cagliari hadi dukani. Kazi ya kuitunza haikuachiwa madaktari peke yao, bali ni ya kila mtu anayemeza kidonge au kuomba sindano.