Kutoka Lumbwa hadi Kijonjo: miaka 70 ya kupokea wageni

Mwaka huu wa 2026 una kumbukumbu tatu ambazo sijasikia zikitajwa pamoja katika parokia yoyote ya Kasese. Mei 12 ni miaka 30 tangu Watutsi waliokuwa wamejihifadhi katika monasteri ya Mokoto, Kivu Kaskazini, walipovamiwa na kuuawa. Novemba 13 ni miaka 30 tangu waasi wa ADF walipoingia Mpondwe, na familia za Bwera zikafunga mizigo na kukimbia. Kumbukumbu ya tatu ni ya furaha: miaka 70 tangu Watrapisti wa Uholanzi walipofungua nyumba Lumbwa, Kenya. Nyumba hiyo leo iko Uganda, na jinsi ilivyofika huku ni habari inayowahusu watu wa Bwera kuliko wengi wanavyodhani.

Asili ya Watrapisti inajulikana. Mtakatifu Benedikto aliandika Kanuni yake katika karne ya 6, Wasisteriani wakaanza Citeaux, Ufaransa, mwaka 1098, na mageuzi ya karne ya 17 katika abasia ya La Trappe yakawapa wafuasi wake jina walilo nalo hadi leo. Mwaka 1881 baadhi yao, kutoka abasia ya Mont-des-Cats, walitafuta hifadhi Uholanzi kwa kuhofia hatua za serikali ya Ufaransa dhidi ya mashirika ya kitawa. Wakajenga karibu na Tilburg nyumba ya Koningshoeven, ambayo wengi duniani wanaifahamu kwa bia yake. Koningshoeven ndiyo iliyotuma wamonaki Lumbwa mwaka 1956. Kwa hiyo nyumba mama yenyewe ilizaliwa na wakimbizi.

Lumbwa, kituo cha reli ya kwenda Kisumu, baadaye ikaitwa Kipkelion. Hapo nyumba hiyo, iliyoitwa Bikira Maria wa Viktoria, ikakua hadi kuwa abasia, wamonaki wakiishi kwa sala na kazi ya mikono kama Kanuni inavyotaka. Miaka ya 1960 masista wa shirika hilohilo, nao kutoka Uholanzi, walikuja Butende, karibu na mji wa Masaka. Masaka ilikuwa mahali pake hasa: huko ndiko Joseph Kiwanuka alikoteuliwa kuongoza kama askofu mwaka 1939, na eneo zima likakabidhiwa mapadri Waafrika.

Hapa inafaa kuisoma sura ya 53 ya Kanuni, maana ndiyo iliyoamua mambo ya baadaye. Inaagiza kila mgeni anayefika apokewe kama Kristo mwenyewe. Inaongeza kwamba maskini na mahujaji ndio wapewe uangalizi mkubwa zaidi, kwa kuwa tajiri hupata heshima kwa kuogopwa tu. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Benedikto hakuhesabu siku.

Uchaguzi wa Kenya ulifanyika Desemba 27, 2007, na matokeo yalipotangazwa siku tatu baadaye, Bonde la Ufa likawaka. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini kote. Mamia ya watu wa Kipkelion walioonekana wageni katika ardhi waliyoilima miaka mingi walikimbilia kwa wamonaki. Tukumbuke ilikuwa wiki gani. Januari 1 kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilikuwa limechomwa moto likiwa na kina mama na watoto ndani. Kuwafungulia watu lango la kanisa katika siku hizo kulimaanisha kujiweka katika orodha ya wanaowindwa. Tena habari za Mokoto zilijulikana katika shirika lao: kule, mwaka 1996, ndugu zao waliwahifadhi waliofukuzwa makwao, na wauaji wakawafuata humohumo.

Lumbwa hawakufunga lango. Wakimbizi walipewa mahali pa kulala katika ardhi ya monasteri, huku nyumba za majirani zikiteketea. Jumuiya yenyewe ilikuwa ya makabila na mataifa tofauti, hivyo chuki iliyokuwa nje ilikuwa na majina ya watu waliokaa ndani. Hatimaye ikabidi wamonaki waondoke. Baada ya zaidi ya nusu karne wakayaacha majengo na mashamba, wakavuka kuja Uganda, katika jimbo la Masaka ambako masista wa Butende walikuwa wametangulia.

Wapo wanaouliza: je, mmonaki haweki nadhiri ya kudumu mahali pamoja? Huiweka. Lakini nadhiri hiyo humfunga kwa jumuiya, na jumuiya ikihama kwa pamoja, nadhiri huhama nayo. Naona walioondoka Lumbwa waliitunza ahadi yao kwa namna ngumu zaidi, kwa sababu waliendelea kuwa nyumba moja baada ya kupoteza nyumba. Leo wako Kijonjo, katika jimbo hilohilo. Wamejenga upya, na jina ni lile walilotoka nalo Kenya, Bikira Maria wa Viktoria.

Kinachoniuma ni jinsi tunavyowapita. Kila mwaka mahujaji wetu hutembea kwa miguu hadi Namugongo kwa ajili ya sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, Juni 3, na ni jambo la fahari. Lakini mtu wa Kasese akitaka mafungo ya siku chache katika kimya, hujiona kama hana pa kwenda. Njia ya kufika kwa wamonaki ipo: Bwera, Kikorongo, daraja la Katunguru, Mbarara, kisha Masaka. Mgeni anatakiwa kuomba nafasi mapema. Akifika hapangiwi semina wala mikesha ya vipaza sauti. Anaikuta kengele ya sala ya Kesha kabla ya alfajiri, Zaburi zikiimbwa polepole, kazi ya shambani, chakula cha kawaida, na jioni wimbo wa Salamu Malkia kabla ya taa kuzimwa. Akitaka kuzungumza na padri, atampata. Asipotaka, hakuna atakayemsumbua.

Watu wa Bwera wamezika vijana wa shule ya Lhubiriha waliouawa Juni 2023, na kabla ya hapo Kasese ilizika wafu wa mapigano ya Novemba 2016. Watu wenye mzigo huo wanahitaji mahali pa kuutua mbele ya wenyeji wanaojua kukimbia ni nini. Parokia zetu zingeweza kuitangaza safari ya Masaka Jumapili baada ya misa, zikakodi basi moja, na kuwapa nafasi za kwanza wazazi wa Lhubiriha kabla Novemba 13 haijafika.