Kisisimuaneva

Wapo watu ambao upasuaji wa mgongo umekwisha, kidonda kimepona, lakini mguu unaendelea kuwaka moto mwaka hadi mwaka, na vidonge havifui dafu. Katika nchi zenye huduma hiyo, baadhi yao huwekewa kifaa cha umeme mwilini. Waya mwembamba huingizwa kwa sindano hadi nje kidogo ya utando unaofunika ugwe mgongo, ule mkanda wa neva unaopita ndani ya pingili. Ncha ya pili huungwa na kikasha chenye betri, kinachozikwa chini ya ngozi ya tako au tumbo. Mgonjwa hupewa rimoti ya kuongeza au kupunguza nguvu.

Tukiiteje? Neno la haraka ni kichocheo, lakini hilo limekwisha kuchukuliwa na homoni. Tena kuchochea ni kukoleza, moto au ugomvi, na mtu anayeumwa usiku kucha hatafurahi kuambiwa atachochewa.

Mimi nachagua kisisimuaneva, kwa mtindo wa kipazasauti na kipimajoto. Vifaa vya awali, vinavyotoa mapigo kama 40 hadi 60 kwa sekunde, humfanya mgonjwa ahisi msisimko palepale palipokuwa panauma. Vipo vipya vya mapigo 10,000 kwa sekunde, ambavyo mtu havihisi kabisa, ila kazi ni ileile ya kupeleka umeme kwenye neva.

Umeme huo unapunguzaje maumivu? Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kuwa ndani ya ugwe mgongo kuna kitu mfano wa lango. Ukijigonga ugoko kwenye kitanda, mkono hukimbilia kusugua kabla hujafikiri. Neva nene za mguso zikiamshwa, kwa kusugua au kwa umeme, lango hufungwa kiasi na taarifa ya maumivu hufika ubongoni imepungua nguvu. Miaka miwili baadaye, nchini Marekani, daktari Norman Shealy akampandikizia kifaa cha namna hiyo mgonjwa wa saratani. Nadharia imerekebishwa sana tangu hapo, lakini kifaa kilizaliwa humo.

Mitaani, nina hakika, watu wataita betri ya mgongo, kwa kuwa betri ya moyo wameshaizoea. Ni jina jepesi na sitamkosoa anayelitumia nyumbani. Ila betri ya moyo huendesha mapigo ya moyo, na hii haiendeshi mgongo.

Jina ninalolikataa kabisa ni kiondoa maumivu. Kabla ya kupandikiza, mgonjwa hujaribishwa kwa siku chache, kikasha kikiwa bado nje ya mwili, na maumivu yakipungua nusu tu, hayo huhesabiwa mafanikio. Waya unaweza kuhama, kidonda kinaweza kupata maambukizi, na huenda akarudishwa chumba cha upasuaji. Mwaka 2023 wapitiaji wa tafiti wa shirika la Cochrane walihitimisha kwamba kwa maumivu ya kiuno, kifaa hiki huenda hakileti nafuu ya kudumu inayozidi ile ya kuwekewa kisichofanya kazi. Mgonjwa anayetia saini karatasi ya idhini anastahili kulisikia hilo kwa Kiswahili chake, kabla sindano haijaingia.