Paka akifa deltani: Jinsi ya kumuaga na kumzika, na swali la kujiuliza kabla ya kumgusa

Kwenye vijiji vya delta ya Rufiji, paka si wa kupigwa picha za simu tu. Huku ni nchi ya mpunga, na penye mpunga pana panya. Paka mmoja hodari analinda gunia la mbegu, anazuia nyavu zisitafunwe, halafu usiku analala miguuni kwa mtoto. Akifa, pengo lake linaonekana ghalani na mkekani pia.

Lakini kumuaga paka deltani kuna ugumu wake. Maji ya bahari yanapanda na kushuka mara mbili kwa siku. Mtaalamu wa mifugo anaweza kuwa ng'ambo ya mto. Na kuna ugonjwa mmoja unaomfanya paka mpendwa awe hatari hata baada ya kukata roho. Kwa hiyo kabla ya jembe na shimo, familia inatakiwa kujiuliza: huyu amekufa na nini?

Kichaa hakiishii kwa mbwa

Ugonjwa wenyewe ni kichaa cha mbwa, na jina hilo ndilo linalowapoteza wengi. Paka naye anaugua. Anaupata akiumwa na mbwa, paka mwenzake au mnyama wa porini mwenye virusi, kisha anaweza kukaa wiki kadhaa, hata miezi, bila kuonyesha chochote.

Dalili zikianza, tabia ndiyo inayobadilika kwanza. Paka mpole anaanza kuuma watu bila sababu. Paka mwitu, asiyekubali kushikwa, ghafla anajileta mwenyewe. Mate yanachuruzika, anashindwa kumeza, sauti inageuka, miguu inalegea. Kuanzia hapo huwa hamalizi siku nyingi.

Paka aliyekufa na dalili hizo hapakatwi wala kushikwa kwa mkono mtupu, hata kama amelelewa ndani ya nyumba miaka 10. Watoto wakae mbali. Wa kupigiwa simu ni afisa mifugo wa kata, na kama hapatikani, ofisi ya mtendaji wa kijiji. Mtaalamu ndiye ataamua kama kichwa kichukuliwe kwenda maabara, maana ugonjwa huu kwa mnyama unathibitishwa kwa kupima ubongo. Mtu asijaribu kukikata mwenyewe.

Na kama paka huyo alimuuma au kumparura mtu siku za mwisho, habari ya maziko inasubiri. Kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu mtu aende kituo cha afya siku hiyo hiyo akaanze chanjo. Kwa anayeishi Kiongoroni, Salale au Mbuchi, safari ya boti inategemea maji, na kishawishi cha kusema "tutakwenda kesho" ni kikubwa. Kwenye ugonjwa huu, kesho ni mchezo wa hatari. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Makadirio yanayotumika sana ni vifo 59,000 kwa mwaka duniani, na kwa Tanzania 1,500, wengi wao wakiwa watoto wa vijijini.

Mkoa wa Pwani ulikuwa miongoni mwa mikoa ya kusini-mashariki iliyoingizwa kwenye mradi mkubwa wa kuchanja mbwa ulioanza mwaka 2010. Kampeni za namna hiyo hupokea paka pia. Tatizo ni kwamba mbwa anafungwa kamba na kupelekwa, wakati paka anahitaji kapu lenye kifuniko na mtu mwenye subira.

Sumu ya panya, na panadol

Kinachowaua paka wengi wa nchi ya mpunga si kichaa, ni sumu iliyowekewa panya. Paka hahitaji kula chambo chenyewe, panya aliyelegea kwa sumu anamtosha.

Sumu zipo za namna tofauti. Zipo zinazofanya damu isigande, na paka anaweza kuchukua siku kadhaa akidhoofika kabla ya kufa. Ipo pia ile ya zinki fosfaidi, inayotumika sana kwenye milipuko ya panya mashambani. Hii ikifika tumboni inatoa gesi yenye sumu, kwa hiyo paka aliyekufa nayo asipasuliwe kuangaliwa tumbo, na matapishi yake yafukiwe, yasiachwe uani kwa kuku. Panya waliokufa nao waokotwe kwa kijiti na kufukiwa. La sivyo, wiki ijayo ni zamu ya paka wa jirani.

Kuna kifo kingine kinachotoka ndani ya nyumba, tena kwa nia njema. Paka anaonekana ana homa, mtu anavunja nusu ya kidonge cha panadol na kumpa. Mwili wa paka hauna uwezo wa kuivunja dawa hiyo kama wa binadamu, na hata kiasi kidogo kinaweza kumuua. Dawa za kuogeshea ng'ombe nazo, ambazo siku hizi zinapatikana kirahisi Kibiti kwa sababu ya wafugaji, hazifai kumwagiwa paka mwenye viroboto. Nyingi zina viambato ambavyo ng'ombe anavimudu na paka havimudu.

Kuyajua haya hakumrudishi aliyekufa. Kunamsaidia aliyebaki.

Maji ndiyo yanayochagua kaburi

Kama paka amekufa kwa uzee, ajali au ugonjwa wa kawaida, hakuna kizuizi cha kumshika na kumuaga vizuri. Cha kwanza ni kuhakikisha kweli amekufa. Paka huwa hafumbi macho anapokufa, kwa hiyo macho hayatoi jibu. Mkono uwekwe nyuma ya kiwiko cha kushoto, hapo ndipo mapigo ya moyo yanasikika. Mwili ukunjwe mapema kama alivyokuwa akilala, kwa sababu baada ya saa chache unakakamaa. Kwa joto la Pwani, maziko ni siku hiyo hiyo.

Wapi sasa? Mjini Kibiti, Bungu au Mchukwi jibu ni rahisi: nyuma ya nyumba, chini ya mwembe. Deltani hapana. Delta ya Rufiji ina msitu mkubwa wa mikoko kuliko sehemu nyingine yoyote ya pwani ya Afrika Mashariki, zaidi ya hekta 50,000, na sehemu kubwa ya ardhi yake inaingiwa na maji. Wakati wa bamvua, yaani mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji yanaweza kupanda kwa zaidi ya mita 3 kutoka yalipokupwa. Shimo lililochimbwa siku ya maji mafu pahali palipoonekana pakavu, wiki moja baadaye linaweza kuwa ndani ya maji, na kilichozikwa kikaelea.

Kwa hiyo kaburi linatafutwa juu ya alama ya bamvua. Alama yenyewe haifichiki: ni ule mstari wa takataka, majani na mbegu za mikoko zilizoachwa na maji. Wazee wa kijiji wanaujua bila kuutazama. Kumzika kwenye tope la mikoko si wazo zuri pia. Tope lile halina hewa, mwili unachelewa kuoza, na kaa wanafukua.

Jambo la pili ni kisima. Vijiji vingi vya delta vinategemea visima vifupi, ambamo maji baridi yanakaa juu ya maji ya chumvi. Kanuni inayotumika kwa choo cha shimo inafaa hapa: angalau mita 30 kutoka kisimani, na kaburi liwe upande wa mteremko, chini ya kisima.

Kina cha futi 3 kinatosha, ilimradi maji hayajaanza kuchuruzika ndani ya shimo. Yakionekana, ni bora kuhamia penye mwinuko kuliko kulazimisha. Kenge, fungo na mbwa koko wana pua kali, hivyo juu ya udongo huwekwa kitu kizito. Mawe deltani ni adimu, ila gogo la mnazi lililoanguka linafanya kazi hiyo vizuri. Kwenda kukata mkoko kwa ajili hiyo hapana, mikoko ni hifadhi na kuvuna kunahitaji kibali.

Cha kumfungia ni kipande cha kanga kilichochakaa, gunia la katani au mkeka mbovu. Vyote vinaoza. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, na hata kabla ya hapo haikuwa na faida yoyote kaburini.

Na ile njia ya mkato ya kumtupa mtoni? Inafanyika, kila mtu anajua. Lakini mto huo ndio wa kuogea, kuoshea vyombo na kuvulia. Paka aliyekufa kwa ugonjwa au sumu anaishia kuwa tatizo la kijiji kinachofuata.

"Unalilia paka?"

Kiswahili chenyewe kimeweka mpaka. Mtu anafariki, paka anakufa. Mwili wa mtu ni maiti, wa paka ni mzoga. Pengine ndiyo maana mwenye kumlilia paka hadharani anachekwa.

Wakazi wengi wa delta ni Waislamu, na kwenye Uislamu paka ana nafasi yake. Mapokezi ya Hadithi yanamtaja kuwa si najisi, bali ni miongoni mwa wanaowazunguka watu majumbani. Yapo pia ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka hadi akafa njaa. Akifa, hakuna swala ya jeneza wala sanda, na mzoga wake unahesabiwa najisi, kwa hiyo aliyemshika kwa unyevunyevu ananawa. Kumfukia inaruhusiwa, na ni jambo la usafi na heshima. Ndugu wa familia wanaoona haya kwa sababu "dini haitaki" hawana sababu ya kuona haya.

Huzuni ya namna hii imewahi kuandikwa na wataalamu. Mmarekani Kenneth Doka aliielezea mwaka 1989 kama huzuni ambayo jamii haiitambui: mtu anaumia kweli, ila hapati anayempa pole. Na si jambo la kizungu wala la leo. Herodotus, mwandishi wa Ugiriki ya kale, alieleza kwamba Wamisri wa zamani walinyoa nyusi zao paka wa nyumbani alipokufa.

Kwa mtoto, neno zuri ni lile lililo wazi: amekufa, hatarudi. Kumwambia "amelala" kunaweza kumfanya aogope kulala yeye, na kumwambia "ametoroka" kutamfanya amtafute kila jioni. Aachwe achague kipande cha kanga, aweke mkono wake wa udongo kaburini, aulize maswali yake. Deltani watoto wanaona kuku wakichinjwa na samaki wakipasuliwa. Kifo hakiwashangazi, kinachowauma ni kwamba safari hii ni wa kwao.

Anayeteseka, na asiyeonekana

Kuna paka ambaye hajafa lakini hatapona: amegongwa na pikipiki barabara ya Kilwa, au uzee umemfikisha mahali hali wala hanywi. Daktari wa mifugo anaweza kumchoma sindano ya kumaliza mateso, akalala na moyo ukasimama bila maumivu. Dawa hiyo haiuzwi dukani. Kwa Kibiti njia ni kupitia ofisi ya mifugo ya halmashauri, au kumpeleka Dar es Salaam, chini ya kilomita 150. Kumpiga rungu, kumzamisha au kumfunga kwenye gunia na kumtupa mbali kunaweza kuwa kosa chini ya Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008.

Halafu yupo ambaye hakuna anayejua kama amekufa. Paka mgonjwa hujificha, na wengine hufia chini ya dungu la shambani au uvunguni mwa boti iliyopandishwa pwani. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliyoikumba Rufiji na Kibiti yaliwalazimisha watu kuhama kwa haraka, na paka si mnyama wa kuitwa akaja. Anaijua nyumba kuliko anavyomjua mtu. Ndiyo maana paka aliyepotea kwenye uhamaji inafaa atafutwe kwanza kwenye nyumba ya zamani, jioni, kukiwa kimya, na sahani ya dagaa. Wapo wanaorudi baada ya wiki kadhaa. Watu hawasemi "roho ya paka" bure.

Paka mwingine?

Hakuna muda maalumu wa kusubiri kwa upande wa moyo. Kwa upande wa ugonjwa upo. Kama aliyekufa alikuwa akitapika na kuharisha, hasa akiwa mdogo, huenda ni homa kali ya paka, ambayo virusi vyake vinaweza kubaki ndani ya nyumba hadi mwaka mzima. Sabuni peke yake haiviui. Sakafu na vyombo vioshwe, kisha vipitishiwe Jik, kipimo 1 kwa vipimo 30 vya maji. Mkeka aliolalia uchomwe. Mtoto wa paka asiye na chanjo asiletwe hapo mapema.

Atakayeletwa asiachishwe mama yake kabla ya wiki 8. Chanjo ya kichaa anaanza kuipata akifikisha miezi 3.