Santuri ya Dakika Tatu na Kumbukumbu ya Bibi

Mwenye kutaka kuijua taarabu ya Unguja ya zama za Siti binti Saad ana milango miwili ya kuingilia. Wa kwanza ni santuri. Mwaka 1928 Siti, binti wa Fumba aliyekuja mjini akiuza vyungu, alikwenda Bombay pamoja na wapigaji wake kurikodi nyimbo kwa Kiswahili, na sahani zile zikaja kusikika mikahawani na barazani. Mlango wa pili ni wazee.

Santuri ina ila yake. Upande mmoja ulichukua kama dakika tatu tu, ilhali katika majlisi wimbo ulirefuka kwa kadiri ya hamu ya wasikilizaji na mikono ya watunzaji. Aidha, santuri humpa msikilizaji maneno, haimpi aliyesemwa. Na katika ushairi wa mafumbo, asiyemjua aliyesemwa amesikia nusu ya shairi, pengine robo.

Chukua wimbo wa Kijiti. Kijana wa leo akiusikia atadhani ni hadithi ya huzuni, basi. Wazee wa Ng'ambo walijua zaidi. Mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliuawa Unguja. Mtuhumiwa alivuka bahari akakimbilia bara, na mahakama ya wakoloni ikawatia hatiani wanawake waliokuwa wamefuatana na marehemu, kwa sababu ya ulevi ulionunuliwa. Kwa wasikilizaji wa wakati ule, wimbo ulikuwa rufaa ya wasio na wakili. Mwanahistoria Laura Fair aliyapata mengi ya aina hii kwa kukaa na wazee wa Unguja na kuwasikiliza, na kitabu chake kilichotoka mwaka 2001 kimejengwa kwa sehemu kubwa juu ya mazungumzo hayo.

Kabla yake alikuwapo Shaaban Robert, aliyeonana na Siti mwenyewe alipokuwa mzee, karibu na kifo chake cha mwaka 1950. Wasifu aliouandika ni hazina, na Kiswahili chake hakina mfano. Hata hivyo Shaaban alikuwa mtu wa maadili. Alichotafuta kwa Siti ni kielelezo cha subira na bidii, na hicho ndicho alichokipata. Visa vya mitaani, majina ya mahakimu na vicheko vya watu pale fumbo lilipomgonga mwenyewe havikuwa shabaha yake. Hakuna lawama hapa. Mzee hujibu alichoulizwa.

Ndiyo maana swali lina uzito. Mjukuu akimwuliza bibi yake, "Ulipenda nyimbo gani?", atatajiwa majina mawili matatu, na mazungumzo yamekwisha. Akimwuliza, "Bibi, uliuimba katika harusi ya nani, na nani aliondoka amenuna?", hapo mambo hufunguka: sare zilizoshonwa, ushindani wa vikundi vya kina mama kama Nuru el-Uyun na Sahib el-Ari, nani alimtunza mwimbaji huku akimtazama jirani yake. Hufunguka pia Sauti ya Unguja, iliyoanza kutangaza mwaka 1951, na sauti ya Umm Kulthum kutoka Cairo, ambayo baadhi ya mabibi walijifunza lahani yake bila ya kujua maana ya neno hata moja. Na mara nyingine bibi hunyamaza, hasa mazungumzo yakifika mwaka 1964. Kimya hicho nacho kiandikwe, wala kisijazwe kwa dhana.

Bi Kidude, aliyezibeba nyimbo za Siti jukwaani hadi uzeeni, alifariki Aprili 2013. Mtoto aliyekuwa na miaka kumi Siti alipofariki, sasa amevuka themanini. Bado anaweza kukumbuka beti ambazo santuri haikuzichukua, na jina la mtu aliyesemwa ndani yake.