Kibali cha bendera: Majahazi ya Sur na hukumu ya 1905

MJI wa Masasi, ilipo Hospitali ya Mkomaindo, uko mbali na pwani, lakini historia yake inahusiana na bendera za baharini. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA aliondoka Unguja na kundi la watumwa walioachwa huru. Walipofika Masasi, wengi wao waliamua kuweka makazi hapo.

Miaka mitatu kabla ya safari hiyo, tarehe 5 Juni, 1873, Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa bahari. Manowari za Uingereza zikawa zinapekua majahazi. Hata hivyo, Ufaransa ilikataa vyombo vyenye bendera yake kupekuliwa na Waingereza. Kwa sababu hiyo, wamiliki wa majahazi wa Sur, Oman, waliomba hati za Kifaransa, na miongoni mwa waliozipata wamo waliosafirisha watumwa chini ya kinga hiyo.

Mvutano huo ulimwaga damu. Desemba 1881 Kapteni Charles Brownrigg wa manowari ya London aliuawa karibu na Pemba alipolikaribia jahazi lililopeperusha bendera ya Ufaransa.

Mwaka 1904 Uingereza na Ufaransa zilikubaliana kupeleka shauri hilo katika Mahakama ya Kudumu ya Usuluhishi, The Hague. Hukumu ilitolewa Agosti 8, 1905. Wasuluhishi walisema kila dola huru ina haki ya kuamua nani apeperushe bendera yake, lakini haki hiyo huweza kupunguzwa na mikataba. Kwa kuwa Ufaransa iliridhia Mkataba wa Brussels wa kupinga biashara ya watumwa Januari 2, 1892, baada ya siku hiyo haikuweza kutoa vibali vipya kwa raia wa Muscat, isipokuwa kwa waliothibitika kuwa chini ya ulinzi wake kabla ya 1863. Waliopewa vibali kabla ya 1892 waliruhusiwa kubaki navyo, mradi Ufaransa iendelee kuvihuisha. Kibali hakikuweza kuhamishiwa mtu mwingine wala jahazi jingine.

Kanuni ya namna hiyo ipo pia katika vilabu vya mashua vya Uingereza: hati ya kupeperusha bendera maalumu hutolewa kwa mmiliki na kwa chombo kilichotajwa.

Leo sheria inayotawala ni Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1985. Chombo husafiri chini ya bendera ya nchi moja tu. Kinachotumia mbili kwa kuchagua ipi inafaa huweza kuhesabiwa hakina utaifa. Manowari ina ruhusa ya kukagua katika bahari kuu chombo kinachoshukiwa kubeba watumwa. Aidha, mtumwa yeyote anayekimbilia ndani ya chombo, kiwe na bendera ya nchi yoyote, huwa huru papo hapo.