Amonia Katika Mji wa Maziwa ya Magadi

Kata ya Mandewa imo katika Manispaa ya Singida, mji wenye maziwa mawili ya chumvi, Singidani na Kindai. Anayefuga samaki ndani ya tangi la kioo mahali kama hapa anapaswa kujua kipimo cha amonia kilikotoka, maana asili yake ndiyo inayoeleza udhaifu wake. Mwaka 1856 Mjerumani Julius Nessler alibuni kitendanishi cha zebaki kinachoyapa maji yenye amonia rangi ya manjano. Mwaka 1859 Marcellin Berthelot wa Ufaransa akaeleza njia ya rangi ya bluu, ambayo vipimo vingi vya leo vimeirithi. Njia zote mbili huhesabu jumla. Ndani ya jumla hiyo mna amonia yenyewe, inayopenya matamvua na kuua, na amoniamu, ambayo madhara yake ni madogo mno. Mgawanyo wa viwili hivyo huamuliwa hasa na pH, kisha joto. Kwenye nyuzi 25, miligramu 1 kwa lita katika pH 7 ina sumu isiyofika asilimia 1. Katika pH 9 inazidi theluthi. Rangi ni ileile, hatari imepanda mara 60 hivi. Kwa hiyo namba ya amonia isiyoandamana na pH bado si jibu.

Atasema mtu: lengo si sifuri tu? Ni kweli, na bakteria ndio wanaoifikisha huko. Mwanzoni hilo halikujulikana: mkemia Robert Warington alipoeleza mwaka 1850 jinsi alivyoweka samaki na mimea pamoja jijini London, sifa aliipa mimea. Ni mwanawe, wa jina hilohilo, aliyekuja kuchunguza jinsi vijidudu vinavyogeuza amonia kuwa naitreti. Lakini vijidudu hivyo huchukua wiki kadhaa kukaa katika tangi jipya, na samaki hawasubiri. Wengine watauliza mbona samaki huishi katika maji ya magadi. Wa Ziwa Magadi, Kenya, ambako pH hukaribia 10, wanajibu wenyewe: mwaka 1989 watafiti walionyesha kwamba perege wa huko hutoa taka yake kama urea, si amonia. Samaki wa mapambo hana njia hiyo.

Wala maji ya bomba si lazima yafanane na ya ziwa. pH hupimwa, haikisiwi. Hatari kubwa zaidi imo katika tangi kuukuu lililokwisha kuwa na asidi, lenye amoniamu nyingi na samaki wanaoonekana wazima. Ukilimiminia kwa mkupuo maji yenye magadi, pH hupanda, na kile kilichokuwa kimetulia hugeuka sumu papo hapo. Hapo hubadilishwa maji kidogo kidogo, na pH ya maji ya tangi na ya maji mapya ikiwa imepimwa kwanza.